Pumu si Upungufu wa Kinga

Masika yanapoanza Korogwe, mabenchi ya zahanati hujaa watoto wenye mafua. Wengi wao hupona baada ya siku chache, na wazazi wao husahau upesi kwamba waliugua. Lakini wako wachache ambao, kwa mafua yale yale, hukesha wameketi kitandani, mabega yamepanda, kifua kinalia kama filimbi. Wengi wa hao wa pili wana pumu. Nao wazazi wao, huko Ngombezi kama kwingineko, aghalabu huuliza swali moja: kwa nini kinga ya mtoto huyu ni dhaifu?

Swali hilo limejengwa juu ya kosa, na kosa hilo si la wazazi peke yao. Limo katika matangazo ya dawa na vinywaji, limo katika mashauri ya majirani, na limo hata katika baadhi ya madarasa ya Baiolojia, ambamo kinga ya mwili hufundishwa kana kwamba ni maji ndani ya pipa: aliye na mengi yu salama, aliye na machache huugua. Kinga haipimwi kwa debe. Ni kazi nyingi zifanywazo na chembechembe nyingi, na baadhi ya kazi hizo hupingana. Mwenye pumu itokanayo na mzio hana kinga kidogo. Anayo tele, ila sehemu yake kubwa imeelekezwa kusikostahili. Tofauti hiyo si mzaha wa maneno, kwa sababu ndiyo inayoamua mtoto apewe dawa gani.

Ngombezi inafaa kuwa mahali pa kuanzia somo hili, maana ni nchi ya mkonge, na mkonge una vumbi. Mmea wenyewe ni mgeni. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba ni miche 62 tu iliyofika hai, ikazaa mashamba yote yaliyofuata. Majani yakikatwa hupelekwa korona, ambako husagwa ili nyuzi zibaki. Nyuzi zikisha kuanikwa juani zikakauka, hupitishwa kwenye mashine ya brashi. Hapo kwenye brashi ndipo hewa inapokuwa nzito. Mwaka 1978 jarida moja la Uingereza lihusulo maradhi ya kazini lilichapisha uchunguzi wa mapafu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania. Miaka 30 baadaye, mwaka 2008, ukachapishwa uchunguzi mwingine, ulioonyesha kwamba wengi miongoni mwa wafanyakazi wa aina hiyo walikuwa na imunoglobulini E iliyotengenezwa mahususi dhidi ya mkonge. Kwa maneno mengine, miili yao ilikuwa imeuona mmea usio na sumu ya maradhi kana kwamba ni adui, ikautengenezea silaha.

Silaha hiyo haina budi kufafanuliwa, kwani habari yote itakayofuata inaitegemea. Imunoglobulini E ni kingamwili iliyogunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967, na makundi mawili ya wataalamu yaliyofanya kazi mbalimbali: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na Johansson na Bennich huko Uppsala, Sweden. Ilichelewa kugunduliwa kwa kuwa katika damu ya mtu mzima wa afya ndiyo iliyo chache kupita kingamwili zote. Inadhaniwa kwamba kazi yake ya asili ni kupigana na minyoo. Haielei tu katika damu, bali hunasa juu ya seli za masti zilizotapakaa katika ngozi, tumboni na katika njia za hewa, ikakaa hapo kama mtego uliotegwa. Kitu kilekile kilichosababisha itengenezwe kikiingia tena, mtego hufyatuka. Seli za masti humwaga histamini na kemikali nyinginezo, misuli inayozunguka vijimirija vya mapafu hukaza, kuta zake huvimba, makohozi huongezeka. Baada ya saa chache hufika chembechembe nyeupe ziitwazo eosinofili, nazo huendeleza uvimbe kwa siku nyingi.

Ifahamike hata hivyo kwamba kuwa na kingamwili hiyo si sawa na kuwa na pumu. Wapo wengi wenye kingamwili wasiougua kamwe. Watoto wenye minyoo huwa na imunoglobulini E nyingi mno, na wengi wao hupumua vizuri kabisa. Jambo hilo lingali linawashughulisha wataalamu.

Wala mtoto wa Ngombezi hahitaji kusimama kwenye brashi ili apatwe na mzio. Mtego wake hutegwa nyumbani. Ndani ya godoro na mto wamo utitiri wasioonekana kwa macho, waishio kwa kula mabaki ya ngozi ya binadamu na kustawi penye unyevunyevu. Kuna mende jikoni, na ukuta uliovuja mvua huota ukungu. Moshi wa kuni hauzalishi imunoglobulini E kama hao, ila hukwaruza njia za hewa ambazo zimekwisha kuvimba.

Sasa virusi waingie. Virusi vinavyoleta mafua ni vya namna nyingi, lakini vinavyohusika zaidi na pumu ni jamii ya rinovirusi, ambayo ina aina zaidi ya 150. Mwaka 1995 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa miaka 9 hadi 11, wakaona kwamba katika vipindi 80 hivi kati ya kila 100 vya kubanwa na kifua, virusi vilikuwapo. Vingi vyao vilikuwa rinovirusi. Huenda msomaji akaona kwamba habari hii inathibitisha lile la pipa: mwenye pumu huambukizwa zaidi kwa kuwa kinga yake ni chache. Bahati njema jambo hilo lilikwisha kupimwa. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa jozi 76 za watu, kila jozi ikiishi nyumba moja, mmoja akiwa na pumu ya mzio na mwenzake akiwa mzima. Walipumua hewa moja na kuambukizana mafua yaleyale. Mwenye pumu hakuambukizwa rinovirusi mara nyingi kupita mwenzake kwa kiasi chochote cha maana. Tofauti ilikuwa baadaye: mafua yalipomshuka kifuani yalikuwa makali zaidi, na yalikaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mlango wa nyumba yake haukuwa wazi kuliko wa jirani. Kilichokwenda kombo ni yale yaliyotendeka baada ya mgeni kuingia.

Yapi hayo? Seli ya mwili ikivamiwa na kirusi hutoa kemikali iitwayo interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Interferoni haiui kirusi. Kazi yake ni kupiga mbiu, ili seli za jirani zifunge kazi zao ambazo kirusi angezitumia kuzaliana. Mbiu ikipigwa mapema, maambukizo huishia puani. Mwaka 2005 watafiti wa Southampton walichukua seli za utando wa njia za hewa kutoka kwa wenye pumu na kwa wazima, wakaziambukiza rinovirusi katika vyombo vya maabara. Seli za wenye pumu zilitoa interferoni pungufu, na virusi vikazaana ndani yake kwa wingi zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wa London wakaona upungufu kama huo kwa interferoni ya aina nyingine.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa nyepesi, na pengine walimu wangependa iishie hapo. Lakini maabara nyingine zilirudia majaribio hayo zisipate tofauti. Mwaka 2014 ilielezwa kwamba kwa wagonjwa ambao pumu yao imetulizwa vyema na dawa, interferoni haikupungua. Wako waliosema kwamba matokeo yanayopingana yanaudhofisha ugunduzi wa kwanza. Maoni hayo ni ya haraka mno. Matokeo hayo yakisomwa pamoja yanadokeza jambo la maana zaidi: kwamba upungufu huo si kilema cha kuzaliwa nacho, bali ni tabia ya njia za hewa zilizo katika uvimbe wa mzio, na uvimbe ukitulia, mbiu hupigwa tena. Ni dokezo, si uthibitisho, lakini lina mashahidi wengine.

Shahidi mmoja alitoka Dallas, Marekani, mwaka 2010. Katika damu zimo seli chache ziitwazo seli dendriti, ambazo baadhi yake ndizo hodari kupita zote kwa kutoa interferoni. Seli hizo zina ndoana zinazonasa imunoglobulini E, kama zilivyo seli za masti. Watafiti waligundua kwamba imunoglobulini E iliyo juu ya seli hizo ikifyatuliwa kwanza, halafu seli zikutane na virusi vya influenza, interferoni inayotolewa hupungua. Seli ni moja, na kazi ni mbili. Ikiitwa kwenye mzio huchelewa kwenye virusi. Mambo pia hukimbia upande wa pili: utando wa njia ya hewa ukijeruhiwa na rinovirusi hutoa kemikali kama interleukini 33, ambazo huamsha chembechembe zilezile za mzio. Hivyo mzio humpa kirusi nafasi, na kirusi naye huuchochea mzio, na mtoto aliye katikati hukosa pumzi.

Shahidi wa pili ni jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lililofanywa katika miji ya Marekani kwa watoto wenye pumu ya mzio. Kabla shule hazijafunguliwa, wakati ambapo mafua huenea, baadhi yao walidungwa dawa ya omalizumabu, inayoiondoa imunoglobulini E katika damu. Dawa hiyo haigusi virusi hata kidogo. Hata hivyo watoto waliopewa walishambuliwa na pumu mara chache zaidi, na chembechembe zao za damu zilitoa interferoni zaidi zilipokutanishwa na rinovirusi. Bei ya dawa hiyo ni kubwa mno, na haitajwi hapa ili itafutwe na wazazi wa Korogwe; inatajwa kwa sababu imeonyesha kwa binadamu hai kile ambacho vyombo vya maabara vilidokeza. Aliyepunguziwa silaha moja ya kinga alipigana na virusi vizuri zaidi. Nadharia ya pipa haiwezi kueleza jambo hilo.

Pengine atatokea mtu wa kusema kwamba hayo ni mambo ya nchi za baridi. La, siyo. Mwaka 2006 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba mtoto mwenye mzio, anayevuta kile kinachomdhuru, na ambaye wakati huohuo ana virusi, alikuwa katika hatari ya kulazwa hospitali mara 19 hivi kuliko mtoto ambaye hayo matatu hayakumkutania. Kisha mwaka 2012 yakatoka matokeo ya Costa Rica, nchi ya joto yenye mvua na kiangazi, isiyojua theluji. Huko pia watoto wenye imunoglobulini E nyingi dhidi ya utitiri, wakipatwa na rinovirusi, ndio waliofikishwa hospitali wakihema. Kati ya utitiri wa kule na utitiri wa godoro la Ngombezi hakuna tofauti ya kutegemewa.

Kwa hakika virusi vyote havifuati kanuni moja. Ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020, watu wenye pumu duniani kote walitishika, wakadhani wao ndio watakaokufa kwanza. Haikuwa hivyo. Uchunguzi mwingi ulionyesha kwamba wenye pumu nyepesi ya mzio hawakuwa katika hatari kubwa kuliko wengine. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wale wenye pumu kali, hasa waliokuwa wametumia vidonge vya steroidi karibuni. Maelezo mojawapo ni kwamba mzio hupunguza, juu ya utando wa hewa, kile kipokezi ambacho virusi hivyo hukishika ili viingie. Mwalimu akitaka mfano mmoja wa kuvunja ile picha ya pipa mbele ya darasa, huo unatosha.

Ni katika miaka hiyohiyo ya 2020 na 2021 ambapo kujifukiza kwa nyungu kulienea nchini, pamoja na tangawizi, malimau na mchanganyiko wa kila namna, kwa nia ya kupandisha kinga. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa mwenye pumu shauri hilo lina walakini mara mbili. Kwanza, mvuke hauui virusi vilivyomo ndani ya seli za mapafu, na harufu kali za majani zaweza kuzibana njia za hewa ambazo tayari zimebana, licha ya hatari ya kuungua kwa maji ya moto. Pili, na hili ndilo kubwa, mwenye mzio hana haja ya kupandishiwa kinga. Anahitaji ituliwe.

Kutuliza kuna dawa yake, ya bei isiyolingana hata kidogo na ile ya sindano: steroidi ya kuvuta kwa mdomo, kama beklometasoni au budesonidi, kwa kipimo kidogo, kila siku, hata siku ambazo mtoto anaruka na kucheza. Watu wengi huiogopa. Husikia kwamba steroidi hupunguza kinga, na wanalolisikia si uongo mtupu: vidonge vya steroidi vikitumiwa kwa muda mrefu huleta madhara makubwa, hata kipimo kikubwa cha kuvuta si cha kuchezea. Lakini kipimo kidogo kinachofika mapafuni hupunguza mashambulizi, pamoja na yale yaletwayo na mafua, na jambo hilo limethibitishwa kwa miaka mingi. Mgonjwa huipenda zaidi salbutamoli, kwa kuwa humfungua kifua kwa dakika chache. Huo ni msaada wa kweli, wala asinyimwe. Hata hivyo salbutamoli hulegeza misuli tu. Uvimbe wa mzio huuacha palepale, ukingojea mafua yajayo. Ndiyo maana mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu iliacha kupendekeza kwamba vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Badala ya dawa hiyo, mtoto anayehema hupewa nini? Mara nyingi hupewa antibiotiki. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 62 hivi kati ya 100 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, 11 hivi walikuwa na malaria, na 70 au 71 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Antibiotiki haigusi virusi. Mganga wa zahanati asilaumiwe kwa pupa, maana nimonia ya bakteria huua, naye hana mashine ya kuonyesha mafua ni ya kirusi kipi. Lakini yapo maswali yasiyohitaji mashine. Je, kifua kilibana hivi mafua yaliyopita? Je, mtoto hukohoa usiku, au akicheka, au akikimbia? Je, kuna ndugu mwenye pumu? Mtoto ambaye ameandikiwa nimonia mara nne kwa mwaka, na kila mara akapona, anastahili kuulizwa hayo kabla hajaandikiwa mara ya tano.

Shule nayo ina sehemu yake. Kila asubuhi wanafunzi wa sekondari hufagia madarasa, na vumbi hupanda mpaka darini. Mwanafunzi mwenye pumu apewe kazi nyingine, na sakafu inyunyiziwe maji kwanza, kwa faida ya wote. Inhela yake ikae mfukoni mwake, wala isifungiwe katika kabati ya mlezi wa bweni ambaye ufunguo wake haupatikani saa nane ya usiku. Asikatazwe michezo moja kwa moja. Pumu iliyotulizwa haizuii mpira. Tena asitengwe kwa madai kwamba ataambukiza wenzake pumu. Atakachowaambukiza ni mafua, kama nao watakavyomwambukiza yeye. Na kama darasa la Baiolojia linataka kufanya sayansi badala ya kuinukuu, liandike kwa mwaka mzima idadi ya waliokosa masomo kwa kubanwa na kifua, juma kwa juma, kisha liilinganishe na tarehe za kufunguliwa shule na siku za mvua.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la fundi zaidi kuliko la mwanasayansi. Mtoto mdogo, au yeyote aliyebanwa sana, hawezi kuibonyeza inhela na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa nyingi huishia ulimini. Huhitaji chombo cha katikati, ambacho madukani ni ghali na mara nyingi hakipatikani. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walijaribu chupa ya plastiki ya mililita 500, ile ya kutupwa jalalani. Chini yake walitoboa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, wakapachika inhela hapo, na mtoto akapumulia upande wa shingo ya chupa. Chupa iliyozibwa kwa gundi pembeni mwa tundu ilifungua kifua cha watoto sawa na chombo cha dukani. Isiyozibwa ilifanya kazi pungufu, na kikombe cha plastiki laini kilikuwa cha mwisho. Kwa hiyo tundu lisizidi mdomo wa inhela, na gundi isisahauliwe.